Jicho la Kazi

"Ukuta haujachanganya rangi, Mama Rangi! Umechanganya wewe!" Fundi alilibwaga kopo juu ya meza mpaka mfuniko ukaruka. "Nusu ya ukumbi ni nyeupe ya maziwa, nusu imepiga bluu kama midomo ya mtoto aliyekaa majini. Mwenye nyumba ananiuliza kama nililala katikati ya kazi, akaja fundi mwingine kumalizia."

"Umeitia maji," alisema Mama Rangi.

"Sijaitia!"

"Basi ukuta ulikuwa na unyevu. Wewe hujawahi kusubiri ukuta ukauke tangu ulipoachishwa kunyonya."

"Tusifike huko, dada yangu. Ila wahenga walisema, mgema akisifiwa..."

"Malizia! Malizia nikuone!"

Fundi hakumalizia. Wachache walithubutu kumalizia methali mbele ya mama huyu. Duka lake lilikuwa chumba kimoja, rafu zimejaa makopo hadi darini, na kila aliyejenga au kukarabati alimfahamu. Mletee kipande cha plasta, uzi wa pazia, au mwambie tu "ile ya mwaka juzi", atakuchanganyia. Alikuwa anafumba jicho la kushoto, anainua kijiti cha kukorogea pale mlangoni penye mwanga, kisha anakikazia jicho la kulia, ambalo mwenyewe aliliita jicho la kazi. Tone la bluu, nusu tone la nyeusi, basi. Nyeupe ya maziwa ndiyo kabisa hakuhitaji kuonyeshwa sampuli. Aliichanganya kwa kumbukumbu, kama mtu anavyotia chumvi kwenye chungu chake.

Nyuma ya makopo, juu ya kigoda, binti yake alikuwa ameacha kusoma.

Binti huyu alikuwa anamalizia chuo cha wasaidizi wa madaktari wa macho, na mbele yake ulikuwepo mtihani wa kuzungumza Kiingereza: namna watu wanavyotazama, na maradhi ya macho yanavyoitwa. Maradhi aliyaweza. Kutazama ndiko kulikomtoa jasho, maana maneno yenyewe yalifanana kama pacha. Mama yake akajitolea kuwa mwigizaji. Binti anataja neno na kueleza, mama anafanya. *Glance*, na Mama Rangi anamtupia mteja jicho na kulirudisha kabla mwenyewe hajajua. *Stare*, na anamkodolea muuza misumari wa jirani mpaka maskini anajipapasa kuona kama zipu imefungwa. *Peep*, na anachungulia katikati ya makopo kama panya aliyesikia paka. Walipofika *glare*, lile jicho kali la kuchoma, binti alisema, "Hilo liruke, mama. Nimekulia chini yake." Walicheka mpaka wateja wakasubiri.

Sasa binti hakuwa anacheka. Alisimama akafuta mikono.

"Shikamoo fundi. Lile kopo la zamani, ulilopakia nusu ya kwanza, umebakiza chochote?"

"Marahaba. Kidogo." Fundi alilitoa mfukoni mwa mkoba wake. "Nimelileta makusudi, nilijua nitabishiwa."

Binti alichovya brashi ndogo, akapaka mistari miwili kwenye kadi nyeupe, mmoja kwa kila kopo, akaipepea ikauke. Alikuwa mtoto wa duka. Alijua rangi mbichi hudanganya.

"Mama, njoo mlangoni. Ipi mpya?"

Mama Rangi alifumba la kushoto, akakaza la kazi. Alikawia.

"Zote sawa."

Fundi alifungua kinywa. Binti aliinua kidole bila kumgeukia, na lile jitu zima la mabega likafunga kinywa. Mama Rangi aliliona hilo, na hata katikati ya hasira moyo wake ukasema: huyu nimemzaa mimi.

"Sasa fumba la kulia. Tazama kwa jingine."

"Hilo si la kazi."

"Nimesikia, mama. Fumba."

Akafumba. Kwenye kadi mistari miwili ilitengana, mmoja maziwa, mwingine maji ya kuoshea kikombe cha maziwa. Akabadilisha jicho; ikawa mistari pacha. Akabadilisha tena. Kwa jicho la kazi hata kadi yenyewe ilikuwa na rangi ya chai ya kubania majani.

Kumbe umanjano ulikuwa ndani ya jicho lake, na yeye alikuwa akiuua kwa matone ya bluu ndani ya makopo ya watu.

"Jioni taa za magari zinakutawanyikia?" aliuliza binti.

"Za nani hazitawanyiki?"

"Za wengi. Maumivu?"

"Hapana."

"Ni kama kutazama kwenye kioo chenye mvuke?"

Mama aliitikia kwa kichwa. Binti alikuwa anauliza taratibu, bila sauti ya kumwonea huruma, kama anayepima mlango kwa futi. "Nadhani ni mtoto wa jicho. Daktari ndiye wa kusema. Linatibika, mama. Ukungu wenyewe ndio unaotolewa."

Mama Rangi alimtazama fundi, ambaye mdomo wake ulijulikana kwa urefu kuliko ngazi yake.

"Jicho hili ndilo lililokusomesha," alimwambia binti kwa sauti ya chini. "Watu wakisikia Mama Rangi haoni bluu, nani ataleta kopo hapa? Nitatumia la kushoto. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na la kushoto nalo likifuata? Kila siku nakaa na wagonjwa waliosubiri mpaka wakashikwa mkono kuvuka barabara. Niwaambie nini? Kwamba mama yangu pia alificha?" Hakupandisha sauti hata kidogo. "Wewe hujawahi kumuuzia mtu kopo lenye kasoro ukijua. Usianze leo."

Fundi alikohoa, akaanza kusoma maandishi ya kopo la vanishi.

Mama Rangi alikuwa amegombana na wakandarasi, na wenye nyumba, na mume wake mpaka mume akachoka, na wote walikuwa wakipiga kelele. Huyu alikuwa amemfikisha ukutani kwa upole, hoja kwa hoja, bila kumvunjia heshima hata chembe. Mtoto wa nyoka ni nyoka, aliwaza, ila huyu amejifunza kutouma. Kifua kilimjaa fahari mpaka hofu ikakosa pa kukaa.

Alivua aproni.

"Fundi, ukuta wako hauna kosa, na wewe huna kosa. Kosa ni la jicho langu. Wakikuuliza waambie hivyohivyo, usiongeze chumvi. Chukua nyeupe tupu ile pale, ufunike ile bluu kwanza. Rangi yako utaipata, na sitaichanganya kwa jicho hili."

"Dada, mimi sisemi kwa mtu..."

"Utasema. Sema, ila sema sawasawa." Alimgeukia binti. "Kliniki ya chuo bado iko wazi?"

"Iko wazi, lakini mama, tunaweza hata kesho, kuna wateja..."

"Kesho nitakuwa nimepata akili ya kukataa."

Alimtoa fundi nje na kopo lake, akashusha mlango wa chuma, akapiga kufuli na kutangulia barabarani kwa mwendo wake wa kwenda sokoni, binti akikimbilia nyuma. Kule kliniki hakungoja kuulizwa shida. Alikaa kwenye kiti, akakiweka kidevu juu ya mashine.

"La kulia," alimwambia daktari. "Na la kushoto mlipime palepale, sitaki kurudi mara mbili."