Kibakuli cha Kabla ya Pilipili

Aliyatupa majani akachukua mashina, na hapo ndipo nilipojua kuwa mume wangu alifunzwa kupika na mwanamke.

Mchaichai ule nilikuja nao mwenyewe kutoka Unguja, kichaka kimoja ndani ya kopo la maziwa, nikaupanda huku Ibra, Omani, kando ya mfereji wa falaji unaopita nyuma ya nyumba yetu. Kwetu sisi mchaichai ni majani. Unayakata, unayafunga fundo, unayatumbukiza kwenye chai. Shina halina mwenyewe. Harub akachuchumaa pale mferejini, akang'oa, akamenya maganda mpaka akafika penye weupe, akayapigapiga mashina kwa mgongo wa kisu. Wala hakuutazama mkono. Mkono ulikuwa unajua.

Na huyu nilipoolewa naye alikuwa hajui hata kuchemsha maji! Mamake, Mungu amrehemu, akisema, "Mwacheni Harub peke yake na chungu, chungu ndicho kitakachokufa njaa."

Harub alipanda meli za Wazungu binti yetu Fakhriya akiwa bado ananyonya. Alisema anakwenda mwaka mmoja. Nyuma yake yakaja mapinduzi, watu wakatawanyika, na yeye tukawa tunamsikia kwa midomo ya watu: yuko Aden, yuko Bombei, yuko mashariki ya mbali, huko kunakopiganwa vita. Mpaka vita vya huko vilipokwisha ndipo akatokeza Omani, akapata kazi ya stoo serikalini, akatuita. Nikashuka na binti aliyekuwa ameshanipita kimo.

Nilimkuta mpole. Upole wenyewe ndio ulionitia wasiwasi. Mwanamume akirudi na upole ambao hukumpa wewe, basi kuna mtu kampa.

Halafu ikaanza Sur. Ijumaa nyingi, sala ikisha, alidandia gari la watu akaenda Sur, mji wa pwani, akarudi usiku ananuka samaki.

"Nilifuata dagaa," alisema.

Jirani yangu Mabruka, mzaliwa wa Bujumbura, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, aliposikia maneno hayo alicheka mpaka akashika ukuta. "Dagaa? Hamda, shoga yangu, dagaa wanakuja Ibra wenyewe, wamepanda gari! Mwanaume hatoki hapa mpaka Sur kwa sababu ya dagaa. Dagaa gani huyo, anavaa barakoa ya kike?"

Nilicheka naye. Nilipoingia ndani nikafunga nguo zangu ndani ya kanga, nikalisukuma furushi nyuma ya sanduku. Mtu huyu nilimngoja ujana wangu wote. Sikuwa na umri uliobaki wa kumgawana na mke mwenza. Nikipata hakika tu, nakwenda zangu kwa kaka yangu aliyeko Nizwa, na binti yangu mkononi.

Baada ya Sur ikaja chupa. Aliiweka juu ya dari, penye jua kali, mdomo umefungwa kitambaa kwa uzi. Ndani mlikuwa na kitu kizito, rangi ya zambarau iliyooza. Nilisoma Ayatul Kursiyyu ndipo nikafungua. Harufu ilinitoa machozi. Nikaifunga upesi, nikashuka ngazi nikijisemea: haya, Hamda, huyo wa Sur si mke tu, ni mke mwenye mganga.

Siku ya mchaichai ilikuwa Ijumaa, na siku hiyo hakwenda Sur. Alirudi sokoni na mguu wa ng'ombe. Akaichemsha mifupa, akamwaga maji ya kwanza, akaiosha, akaanza upya. Nani alimfunza kumwaga maji ya kwanza? Akatia mashina ya mchaichai, vitunguu alivyovibabua juu ya makaa, nyama ya muundi. Mimi nilikaa juu ya kibao cha mbuzi kama ninayekuna nazi. Nazi yenyewe sikuwa nayo.

Kisha akaiteremsha ile chupa.

"Hicho ukikitia humo, mimi sili," nikamwambia.

"Kamba hawa, Hamda. Kamba wadogo wa Sur, na chumvi. Wamelala juani, basi."

"Hata nyoka hulala juani."

"Onja."

"Tangulia wewe."

Akachovya kidole, akaramba, akacheka. Fakhriya naye akacheka, akachovya. Nilimtazama mwanangu nikingoja aanguke.

Akatia kijiko kimoja, na ajabu ni kuwa uvundo uliondoka ukaja utamu. Sikufurahi. Akazitokosa tambi, hizi tambi zetu za sukari na iliki, akaziweka chini ya nyama kama si dhambi. Akachuma mrehani wangu, ambao sisi tunautia nyweleni.

"Na mrehani nao unaliwa?"

"Huko unaliwa."

"Huko wapi?"

Akakoroga chungu kilichokuwa hakihitaji kukorogwa.

Pilipili alizikaanga peke yake, mpaka mafuta yakawa mekundu kama midomo ya mla tambuu. Na hapa ndipo palipo na jambo langu. Kabla hajayamimina chunguni, alichota supu kidogo, akaitia katika kibakuli changu cha samli. Akakatakata nyama ndogo ndogo. Akapuliza. Akakiweka ukingoni mwa jamvi, chini, pale mkono mfupi unapofika. Kisha akamimina pilipili, akapakua mabakuli matatu makubwa, akaketi, akasema bismillahi.

"Baba," Fakhriya akauliza, "na kile cha nani? Cha paka?"

Harub alikitazama kibakuli kama mtu aliyekuta viatu vya mgeni mlangoni mwake.

"Mkono tu," alisema. "Mkono umekwenda wenyewe."

Nyumbani mwetu hamkuwa na mtoto mdogo. Fakhriya alikuwa akitafuna pilipili kama karanga.

Nikamjazia Fakhriya bakuli jingine. "Mpelekee khaleti yako Mabruka. Na umngoje amalize, usiniletee bakuli chafu."

Alipotoka, nilikuwa na maswali niliyoyapanga miezi: ni mzuri, ni kijana, umemwoa kwa khutba au vivi hivi. Mdomo wangu ukauliza jingine.

"Mkubwa kiasi gani?"

Alizigeuzageuza tambi zake mpaka zikafura.

"Nilipomwacha alikuwa kang'oka meno ya mbele. Pilipili zikimwingia kwenye mapengo."

"Na mamake?"

"Vita viliwakuta huko. Nikawa nje na meli. Tuliporudi, bandari imefungwa, haturuhusiwi hata kutia nanga."

"Wa hai?"

"Sijui, Hamda. Wallahi sijui."

"Na Sur?"

"Kamba." Akafuta mikono. "Na habari. Mabaharia wa Sur wanafika mbali. Nauliza."

Sikujua nimwamini au nisimwamini. Mtu aliyenificha mtoto mzima, atashindwa kunificha mke wa Sur? Machozi yaliyomtoka nayo hayakunitosheleza. Mwanamume hulia kwa mengi. Nilichokiamini ni kile kibakuli. Ulimi unafunzwa kusema uwongo, lakini mkono hauandalii supu mtoto ambaye hajapata kuwapo.

Nikakivuta, nikanywa. Ilikuwa imeshapoa. Bila pilipili ilikuwa karibu na supu ya kwetu, ya asubuhi, ila imepita pahala nisipopajua.

Furushi sikulifungua siku ile. Lilikaa nyuma ya sanduku mpaka msimu wa kaskazi, na Harub alifagia chumba kile mara nyingi, akalizunguka kwa ufagio, hakuuliza.

Ijumaa iliyofuata nilifuatana naye mpaka Sur. Nilisimama nyuma yake pwani na kumtazama akinunua kamba kwa mzee mmoja, kisha akiulizia meli moja baada ya moja. Niliwatazama na wanawake waliopita, mmoja mmoja, kama kuna atakayemsalimu kwa jina. Sikumwona. Haina maana kuwa hakuwapo.

Harub ameshakufa, bila habari. Jina la mamake mtoto hakunambia, na mimi sikuliomba. Supu naipika mwenyewe siku hizi, mashina natumia, majani nayarudisha kwenye chai. Watoto wa Fakhriya walikula katika kile kibakuli kwa zamu, mmoja akikua anampokeza mwenziwe, na sasa wote wakubwa, wote wanakula pilipili.

Hunambia, "Bibi, mimina basi, tuna njaa." Nawaambia wasubiri. Siku ya supu, mlango ukigongwa, nangoja kwanza nijue ni nani, ndipo natia pilipili.