Juisi Iliyoanza Kutoa Povu

Gaudiosa alikuwa katikati ya chapati, ofisini kwao Bilele, simu ilipoita. Alikuwa Mwesiga wa Kagoma. "Njoo, mlezi. Juisi inatoa povu."

Chapati akaiacha hapo hapo. Kikundi chao kinawakopesha wafanyabiashara waliotoka kwenye ulevi, au wanaosumbuliwa na sonona, watu ambao benki ikiwaona inafunga dirisha. Kila mkopaji ana mlezi wake, wa kumshika mkono kwenye biashara na kwenye siku mbaya. Gaudiosa ametoka chuo juzi tu, na Mwesiga ndiye mkopaji wake wa kwanza. Wenzake walimcheka sana. Yaani mtu kaacha pombe, halafu mnamkopesha akamue juisi ya ndizi? Si ikilala inageuka rubisi, pombe kabisa? Yeye akawa anawajibu kwamba haitalala, inakamuliwa asubuhi, mchana imeshauzwa.

Kumbe hata kulala haikuhitaji. Aliposhuka kwenye bodaboda, vumbi hadi kwenye kope, harufu ilimpokea kabla ya mwenyeji. Beseni jipya lilikuwa limechelewa kufika, Mwesiga akaazima mtumbwi wa kukamulia wa baba yake mdogo, Ta Kahangwa. Mti ule umekunywa rubisi miaka na miaka. Juisi tamu ilipougusa tu, ikaanza kuchachuka. Sasa ilikuwa inachemka yenyewe bila moto, na Mwesiga amechuchumaa pembeni, viganja amevibana kwenye magoti.

Ta Kahangwa ndiye aliyekuwa na furaha, kibuyu tayari mkononi. Alisema hiyo ni neema, wanywaji wa jioni wataimaliza yote. Na Gaudiosa, jamani, alishaanza kukubali moyoni. Juisi ile ilikuwa ya sherehe ya komunyo Kemondo. Ikiuzwa kama pombe, hasara itakuwa imezibwa. Akafungua mdomo.

"Usiniambie niuze, mlezi," Mwesiga akamwahi. "Nikiuza nitapima. Nikipima nitaonja."

Akainuka, akashika ncha moja ya mtumbwi.

"Mwanangu, migomba yako italewa," Ta Kahangwa akamtania.

"Ilewe tu, Ta. Yenyewe haina mke wa kuikimbia."

Mzee alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akaweka kibuyu chini, akashika ncha ya pili, Gaudiosa akasukuma katikati. Juisi ikamwagika yote, povu likapita kati ya vidole vya miguu ya Mwesiga na kuzama kwenye shina la mgomba. Hakuinama. Hakulamba hata kidole.

Halafu akampigia mama wa sherehe mwenyewe. Hakusingizia mvua wala gari. Akamwambia juisi imegeuka pombe, na yeye ni mtu aliyeacha pombe, kwa hiyo ameimwaga. Yule mama alifoka hadi Ta Kahangwa akageuza uso, kisha akakata simu.

Gaudiosa alimtazama Mwesiga kama mtu aliyepandishwa juu ya kilima na kuonyeshwa ziwa lote kwa mara moja.

"Kaa hapa mpaka harufu iishe," Mwesiga akasema. "Peke yangu siwezi."

Akakaa.