Haki ya Mtani

Asubuhi ile Shigela alikuwa na uongo mmoja tu, lakini ulikuwa mkubwa kuliko lori lenyewe. Alimwambia Manal kwamba mgongo umepona.

Manal ndiye bosi siku hizi. Baba yake, mzee Muhanna, kachoka, anashinda nyumbani na kahawa yake, na malori yote saba yako mikononi mwa binti huyu anayefika yadi yao ya Tabora kila asubuhi na faili kifuani. Usimchukulie poa. Atakuamkia kwa adabu zote, na ukishaitikia marahaba anakufukuza kazi.

"Shikamoo, Mzee Shigela."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo tunakwenda Ipole kuchukua tumbaku. Nitakaa pembeni yako niangalie. Ukienda na kurudi vizuri, unarudi kwenye njia yako ya Dar. Ukishindwa, nakupa kazi ya getini, uwe unawafungulia wenzako."

Getini! Shigela, miaka ishirini na sita barabarani, mtu aliyefika Lusaka na Lubumbashi, akae kwenye kiti cha plastiki avute kamba ya geti? Bora wangemwacha palepale kwenye meza ya upasuaji. Ilikuwa miezi tisa tangu madaktari wa Dar es Salaam wamfungue mgongo na kutoa kile kilichokuwa kikibana mshipa wa mguu. Alitoka hospitali anatembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Akafanya mazoezi, akalia, akameza vidonge vikali vya maumivu, mwisho akaviacha. Hapo tumpe sifa zake, maana kuviacha kulimtoa jasho kuliko kisu. Daktari akamruhusu kurudi kazini kwa masharti mawili: kila nusu saa ateremke anyooshe mgongo, na akimeza vile vidonge asiguse usukani, hata wa baiskeli.

Masharti hayo Manal hakuambiwa. Dereva wa kuteremka kila nusu saa ni dereva gani? Shigela aliona haya. Tena vidonge viwili vilivyobaki alivifunga kwenye kipande cha nailoni, akavitia mfuko wa shati. Vya dharura, alijiambia. Jamani, mtu akijiambia "vya dharura", jua dharura yenyewe ameshaipangia saa.

Kwenye kibini waliingia watatu. Wa tatu alikuwa Uwesu, fundi wa yadi, aliyetaka kusikiliza giaboksi aliyoifungua wiki iliyopita. Uwesu ni Mzaramo wa Kisarawe, kaoa Tabora na kazeekea Tabora. Shigela ni Mnyamwezi. Sasa Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, mababu walipopokeana mizigo na kuzikana njiani kati ya huku na pwani. Mtani hana adabu na wala hadaiwi adabu. Atakusema mbele ya wakwe zako, atakula chakula chako, atakuvua kofia kichwani aondoke nayo, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

"Mnyamwezi anaumwa mgongo!" Uwesu akapiga kelele, akijitupa kwenye kitanda cha nyuma ya viti. "Dunia imekwisha! Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani, tena wanaimba. Wewe umevunjwa na kiti cha sponji!"

"Walibeba wao kwa sababu babu zako hata ndoo ya maji iliwashinda," Shigela akajibu. Manal akacheka, safari ikaanza.

Sasa sikia. Lori tupu ni adui wa mgongo. Likiwa na mzigo linatulia, likiwa tupu linarukaruka kama mbuzi aliyekata kamba, na kila tuta la barabarani Shigela alilipokea kwenye kovu. Nusu saa haijafika, mguu ukaanza kuchoma kuanzia nyonga mpaka kisigino. Akajikaza kisabuni. Akahesabu mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Ilipofika kumi na nne, akaona hapana.

"Tairi hilo linalia," akasema, akaegesha. Akateremka na rungu, akayagonga matairi yote kumi, moja baada ya jingine, kwa heshima kubwa, kana kwamba anayabishia hodi. Manal alitazama saa, akaandika kitu kwenye faili.

Mara ya pili akasimama kununua asali. Alionja chupa sita, zote akiwa wima, akanunua moja. Mara ya tatu alimwona mzee mmoja na baiskeli yake, akadai ni shemeji. Maskini yule mzee alisalimiwa dakika saba nzima, akaulizwa hali ya watoto, ya mifugo na ya mvua, akajibu yote kwa ustaarabu, huku macho yakionyesha anatafuta kichwani mwake huyu jamaa ni nani.

"Una mashemeji wengi, Mzee Shigela," Manal akasema, akaandika tena.

Basi walipoipita Sikonge, visingizio vilikuwa vimekwisha na maumivu ndiyo kwanza yanaanza. Jasho lilimtiririka Shigela. Aliogopa, tusifiche. Aliliona lile geti na kile kiti cha plastiki, akawaona madereva vijana wakimpigia honi awafungulie. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoka na nailoni. Kimoja tu, akajisemea. Ipole si ile pale?

Mkono mwingine ukachomoza kutoka nyuma ya kiti.

"Haki ya mtani!" Uwesu akanyakua. "Mnyamwezi anakula peremende peke yake!" Akavitupa vyote viwili kinywani, akasindikiza na maji ya Shigela mwenyewe.

Shigela akafungua mdomo. Akaufunga. Akisema "tema, hiyo dawa", Manal atasikia, na habari ya Dar itaishia hapo. Alikuwa na sekunde tatu za kuwa mtu mwema, akazitumia kutazama barabara.

"Chungu!" Uwesu akalalamika. "Hata peremende zenu chungu kama roho zenu!"

Kwa muda hakikutokea kitu. Uwesu aliitukana giaboksi, akaitukana tumbaku, akamtukana Shigela na ukoo wake hadi vizazi vya nyuma. Kisha akaanza kuimba nyimbo za mwali, polepole, kama redio inayoishiwa betri. Kisha, kwa sauti laini ya mtu anayesali, akasema, "Wanyamwezi ni watu wazuri sana."

Shigela akapunguza mwendo. Miaka ishirini wanafahamiana, na Uwesu hajawahi kumtolea neno jema hata siku ya harusi. Mtani akikusifu, huyo ana matatizo.

"Uwesu!" akaita. Kimya. "Uwesu, we mla papa wa pwani, nijibu!"

Kimya. Hakuna Mzaramo aliyezaliwa anayeweza kutukanwa na Mnyamwezi akanyamaza. Shigela akaliweka lori kando.

"Manal, mwanangu. Zile hazikuwa peremende." Akayamwaga yote: vidonge, masharti ya daktari, matairi, asali, na yule shemeji ambaye si shemeji.

Manal hakupoteza muda kugomba. Alimrukia Uwesu, akamtikisa, akaweka sikio karibu na pua yake. Anahema. "Endesha," akasema. "Ipole kuna zahanati." Shigela akaendesha. Maumivu hayakwenda popote, yalikaa naye palepale kwenye kiti, ila sasa hakuwa na nafasi ya kuyasikiliza.

Tabibu aliuliza ni vidonge gani na vingapi, akamlaza Uwesu ubavu, akampima, akasema hatari hakuna, ila hatamwachia mpaka aamke na kusimama mwenyewe. Uwesu akakoroma mpaka dirisha likatetemeka. Vijana wa ghala la tumbaku wakalipeleka lori kupakiwa, na Shigela na Manal wakabaki kwenye benchi la nje. Manal alikaa. Shigela alisimama.

"Asingekunyang'anya," Manal akasema taratibu, "usukani ungekuwa na mtu kama yule. Na mimi pembeni."

Shigela akashika kiuno, akageukia ukuta.

"Mgongo unauma?"

"Unauma," akasema, na machozi yakamtoka, mtu mzima na ndevu zake. Neno hilo hakuwahi kulitamka hata kwa mkewe Spesioza. Kila jioni alimjibu "mzima, mzima", na yeye mwenyewe akawa anajisikiliza ili aamini.

"Unaanza baada ya muda gani?"

"Nusu saa. Nikiteremka nikatembea, unatulia."

Manal aliandika, na safari hii hakuificha karatasi. "Dar huendi. Mwakani sijui, daktari atasema. Msimu huu utaleta tumbaku, Ipole na Tabora tu, na kila nusu saa unasimama. Na nikikukuta tena na kidonge usukanini, ni geti moja kwa moja."

Ipole na Tabora! Mtu wa Lusaka anageuzwa kuwa basi la wilaya. Shigela akavuta pumzi abishe. Ndani Uwesu akakoroma tena, na hamu ya kubisha ikamwisha.

Saa tisa alasiri Uwesu akafumbua macho, akaona watu wamemzunguka na nyuso za huzuni. "Nani kafa?" akauliza kwa furaha. "Nipeni ada yangu ya mtani msibani!" Tabibu akampima tena, akamtembeza, akawaruhusu.

Wakarudi na marobota yamejaa hadi juu na lori limetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Nusu saa ilipotimia, Shigela aliegesha mwenyewe kabla Manal hajatazama saa. Akateremka, akashika kiuno kwa mikono miwili, akaanza kutembea pembeni ya lami, kwenda na kurudi, taratibu kama bibi harusi. Mama mmoja aliyekuwa akitoka shamba na jembe begani akasimama kumhurumia.

"Pole, baba. Gari imeharibika?"

Shigela akaangalia juu. Manal yuko dirishani, na Uwesu kachomoza kichwa, masikio yamesimama.

"Gari ni zima, mama," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mbovu ni dereva."