Kumshusha Irene

Walianza kuleta kuni Jumamosi. Si kuni za kupikia ugali, ni magogo. Wanaume wa jumuiya yetu waliyatua nyuma ya nyumba ya dada yangu Judith, wakafuta jasho, wakatoa pole, wakaenda zao. Kila mtu huku milimani anajua magogo ya namna ile huwashwa lini: uani, kwenye matanga, wanaume wakikesha. Na Irene, mtoto wa dada yangu, alikuwa ndani, mzima, anakunywa uji.

"Wanatusaidia," Judith aliniambia. Nilitaka kumzaba kofi kwa upole ule.

Mwaka uliotangulia Irene alikuwa ametibiwa Dar. Uvimbe wa saratani ulikuwa kwenye taya. Wakamtundikia dripu za dawa kali, nywele zikapukutika, uvimbe ukaisha. Aliporudi kijiji kizima kilicheza ngoma, tukafanya misa ya shukrani, mbuzi wakachinjwa. Sasa uvimbe umeota upande wa pili, miguu imelegea, na watu walewale wanatutazama kana kwamba tumewatapeli. Si tulishamshukuru Mungu, wanasema. Kwani shukrani ni chanjo? Daktari alituambia waziwazi: ugonjwa huu huweza kurudi, ukirudi mleteni upesi, dawa nyingine ipo. Upesi. Judith alilisikia neno hilo kwa masikio yake, na bado alikuwa amekaa anangoja ruhusa.

Maana kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wa Irene ni kaka yetu Laurenti. Nikamfuata. Nilimkuta anafunga tenga la kabichi. Tangu biashara iwe ruksa, matajiri wa Dar wanaleta malori yao mpaka Bigwa, barabara inapokomea chini ya mlima, na wanaume wetu wanashusha mboga kwa mabega kila siku ya Mungu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Anasubiri kushushwa. Nataka wanaume wa kubeba machela, kesho alfajiri."

Aliendelea kukaza kamba. "Felista, tumeshakaa wanaume tukaliongea. Kumshusha si kazi. Kazi ni kumpandisha."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Walikuwa wamekaa kikao wakapima uzito wa maiti ya mtoto ambaye asubuhi hiyo alikuwa amenidai muwa.

"Maiti ikitoka Dar inaishia Bigwa," akasema. "Kutoka pale ni mabega yetu, na mvua hizi. Mwache apumzike kwao."

"Mbona kabichi za tajiri hamzikalii kikao?"

"Kabichi hazirudi juu."

Nilimsonya, kaka yangu mkubwa, nikaondoka bila kuaga.

Alfajiri tulimbeba sisi wanawake. Kwetu machela ni kazi ya wanaume; wanawake hufuata nyuma na mafurushi. Lakini miteremko ileile tunaipanda na ndoo, na ndizi, na watoto mgongoni, nani kasema blanketi litatushinda? Tulifunga blanketi kwenye miti miwili: mimi na Judith mbele, Semeni jirani yetu na binti yake nyuma. Njia ilikuwa tope tupu. Tuliteleza, blanketi likayumba, Irene akagugumia. Kila nyumba ya mwanamume tuliyoipita nilimtaja mwenyewe kwa jina na kumtukana. Judith alinisihi ninyamaze. Sikunyamaza.

Tulipofika mtoni tukasikia watu wanakuja mbio nyuma yetu. Ni Laurenti na wenzake watatu, bila matenga. Aliinamisha bega tu. Judith aliachia upande wake palepale, Semeni na binti yake wakaachia. Mimi nikaung'ang'ania mti wangu.

"Sema kwanza," nikamwambia. "Sema ulichoniambia jana, na mtoto mwenyewe asikie."

Laurenti alitazama maji. Nikautikisa ule mti usoni pake. Nilitaka akiri mbele ya wote kwamba alikwishamzika mtoto aliye hai, na kama ingebidi tusimame pale hadi jua litoke, sawa tu.

"Mama mdogo," Irene akasema kutoka ndani ya blanketi. "Mpe. Unanitikisa, naumia."

Nikampa. Wakaiweka miti mabegani, wakashuka kwa hatua zilizolingana, na blanketi halikuyumba tena. Nilichukua furushi la nguo zake nikawafuata nyuma, nalia kwa hasira, nikiwapigia kelele wakaze mwendo.