Kikombe Ambacho Kabula Hakukionja

Namba ya kwanza ilikuwa sabini na nane. Daktari Valeria aliizungushia wino mwekundu kwenye daftari langu la kliniki, akanieleza polepole kwamba hivyo ni vimeng'enya vya ini, na kwa mtu mzima wa afya havizidi arobaini. Sukari ninayo mwaka wa kumi na moja huu, presha mwaka wa nane, magoti siyahesabu tena. Ini sikuwahi kulisikia.

"Bibi, pombe unatumia?"

"Niliacha siku tuliyomzika mume wangu."

Aliandika, lakini niliona hakuniamini. Wakanipima homa ya ini, hakuna. Wakanipitishia mashine ya picha tumboni, wakaona mafuta kidogo kwenye ini, basi. Akasema nirudi baada ya mwezi.

Nilirudi nyumbani Kizwite na swali moja. Kama si pombe na si homa, ni nini kinachoingia ndani yangu?

Ndipo nilipoanza kumtazama mkamwana wangu.

Kabula ni Msukuma, watu wake walihamia bondeni huko na ng'ombe wao. Mwanangu Zenon ananunua dagaa Kirando, nyumbani anakuja Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa hiyo siku nyingi tuko mimi, Kabula na watoto. Kila asubuhi ananiletea maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu alichopewa na mama yake. Kikombe ni cha bati, cheupe, kimebanduka rangi karibu na mpini. Maziwa yana vipunje vyeusi. Yeye husema ni masizi, ati kibuyu hukisafisha kwa kijinga cha moto. Miaka sita nilikunywa bila neno. Sasa nikaanza kuvihesabu.

Tena kuna jambo jingine. Nilivyolelewa mimi Ufipa huku, anayekupa kinywaji hukionja yeye kwanza, mbele ya macho yako. Hata mtoto anajua. Kabula hakuwahi kuonja. Analeta, anapiga goti, anaweka juu ya kigoda, anatazama chini, anaondoka.

Nikamweleza Adela, tunayesali naye jumuiya moja.

"Haonji?" Adela akashika shavu. "Hata siku moja?"

"Hata moja."

"Na wewe unagugumia tu kama ndama! Getruda, umezeeka bure."

Kesho yake akaniletea kinga, unga wa mizizi, rangi ya kahawia inayoelekea njano, umefungwa kwenye kipande cha kitenge. Kijiko kimoja kwenye maji ya moto, asubuhi na jioni, sumu yote itasafishwa. Sharti lake, usimtajie mtu, ukitaja, inapoa. Nikaufunga kwenye pindo la kanga. Maziwa nikawa namwaga kwenye shina la mpera Kabula akigeuka, na kikombe kilekile ndicho nilichokorogea kinga. Ilikuwa chungu mpaka masikio yanasinyaa.

Namba ya pili ikaja mia moja arobaini na mbili.

Umeona? nikajiambia. Nimeacha maziwa, amehamia kwenye mboga. Nikaacha na mboga, nikawa najichemshia viazi vyangu kwenye sufuria yangu. Kinga nikaongeza, vijiko viwili viwili. Mwili ukawa mzito, ngozi ikaanza kuniwasha usiku na mchana. Namba ya tatu ikawa mia tatu na kumi. Daktari Valeria safari hii hakutabasamu. Akasema Jumatatu nije na kila kinachoingia mdomoni mwangu, na anayenipikia aje pia.

Zenon alipofika Jumamosi nilimweleza yote, isipokuwa kinga. Alikaa ameshika kofia yake, anaizungusha.

"Mama, una hakika?"

"Karatasi tatu za hospitali, unataka nini tena?"

"Basi daktari akisema ni sumu, nampeleka kwao mwenyewe." Kisha akasema chini chini, "Lakini Mboje bado ananyonya. Watoto watakwenda naye."

Hilo nilikuwa nimelijua tangu mwanzo, na usingizi haukunijia.

Jumatatu tukaenda watatu, na Mboje mgongoni. Kikapuni niliweka vidonge vya sukari, vya presha, dawa ya kuchua magoti, unga, chumvi, na juu kabisa chupa ya maziwa ya asubuhi hiyo.

"Pima haya," nikasema.

Daktari akayanusa, akafunga chupa, akaiweka pembeni. Kila kitu alikishika, akasoma maandishi. "Hakuna kingine, bibi?"

"Hakuna." Pindo la kanga likanigusa paja.

"Daktari, samahani," Kabula akasema. "Kipo."

Akatoa karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na uchafu mkavu wa kahawia.

"Kikombe cha mama nakiosha mimi. Kila siku chini kuna hii. Nimegusa kwa ulimi, chungu. Maziwa yangu hayana uchungu. Nikajua mama akianguka, nitaulizwa mimi. Kwa hiyo nikawa nakwangua, naweka."

Kumbe siku zote nilizomchunguza, naye alikuwa ananichunguza!

Daktari akaninyooshea kiganja. Hakukasirika. Nikafungua fundo.

"Ulianza lini?"

"Baada ya namba ya kwanza."

"Ukaongeza lini?"

Karatasi tatu zilikuwa mezani, zimepangwa, hata mimi wa darasa la saba niliweza kuzisoma. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ndiyo iliyoniumiza, mizizi hiyo haijui. Niiache kabisa, vidonge vya sukari na presha nisiviache, nirudi wiki ijayo na wiki zinazofuata.

Pale kwenye benchi nje nikamgeukia Kabula. "Sasa kwa nini huonji?"

"Mama! Nilifundishwa kwamba mkwe hatii mdomo kwenye kikombe cha mama mkwe. Mama yangu angenichapa."

"Miaka sita usiniambie?"

"Miaka sita hukuniuliza."

Zenon alitazama ukutani, lakini mabega yake yalishuka. Jioni ile akapanda basi la Namanyere kurudi Kirando, peke yake.

Wiki ya sita namba ilikuwa tisini na sita. Si arobaini, daktari anasema yaliyobaki huenda ni mafuta na sukari, tutaendelea kufuatilia. Adela nilimrudishia kitambaa chake, nimekifua.

"Ulitaja?" akaniuliza.

"Nilitaja."

"Ndiyo maana haikufanya kazi."

Asubuhi iliyofuata Kabula alipiga goti na kikombe, na kwa mara ya kwanza akakiinua mdomoni kwake. Nikamshika kifundo cha mkono.

"Weka hapo. Mama yako asije akakuchapa."

Vipunje vilikuwa vitatu. Nikanywa vyote. Kabula hakuondoka. Alisubiri, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akakigeuza kuelekea mlangoni penye mwanga, akachungulia chini.