Ngano ya Debe la Bluu

Mimi unga wa dukani siuli. Nasema wazi, anayetaka kununa anune. Nanunua ngano yenyewe, naiosha, naianika, naisaga kwa mashine ya mkono mpaka bega liume, ndipo nakanda. Kila Jumamosi mikate miwili: mmoja wetu, mmoja wa mke wa mwanangu, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Kila mara huniambia haikubaki hata chembe. Siku hizi ananyonyesha, mtoto ana siku kumi na mbili, kwa hiyo wake naupaka na asali juu.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimeshampelekea wake na kurudi. Wetu ulikuwa bado unapoa mezani. Mume wangu akatoka stoo ameshika debe la bluu, tupu.

"Mama watoto, mbegu zangu ziko wapi?"

"Mbegu gani?"

"Ngano ya kupanda. Panya walitoboa gunia, kidogo iliyobaki nikaimimina humu juzi. Ile yenye dawa."

Moyo ulinilipuka paa! Nami nilidhani kaninunulia akiba ya kusaga. Nikakumbuka maji niliyooshea, yalivyokuwa mekundu mekundu, nikalisingizia beseni jipya kwamba linachuja rangi. Nilisuuza mara tatu mpaka maji yakatakata, nikajiona hodari.

"Dawa gani?" Hata sauti haikuwa yangu.

"Ya wadudu. Ni sumu hiyo, mke wangu. Usiniambie umeisaga."

Nikapiga simu kwa mkwe wangu, haipatikani. Nikatoka mbio na kandambili, moja ikakatika njiani, nikaiacha hapo hapo. Watu wananiuliza, "Bibi, kuna nini?" Nina muda wa kuwajibu mimi? Kila nikifumba jicho namwona mjukuu wangu ananyonya, na ile sumu nimeikanda mimi, kwa mikono yangu hii.

Nikamkuta mkwe wangu sebuleni, mtoto yuko kwenye titi.

"Mtoe! Mtoe haraka!"

Akaruka alipokaa. Mtoto akaangua kilio.

"Ule mkate, umeula?"

"Karibu mama, kaa kwanza..."

"Nimekuuliza umeula?"

"Nimekula, mama," akasema kwa adabu zake zile zile. "Vipande vitatu. Mtamu kama kawaida, asante sana."

Nikakaa sakafuni, mtu mzima mimi, nikalia kwa sauti. Nikamweleza ovyo ovyo: mbegu, dawa, sumu, vaa viatu twende hospitali sasa hivi. Nikamvuta mkono. Hakusogea.

"Mama, sijaula."

"Usinifiche kwa kunionea huruma, we mtoto!"

"Haki ya Mungu, sijaula."

Akaniinua, akanipeleka jikoni, akafungua kabati la chini ya sinki. Nyuma ya ndoo kulikuwa na mfuko. Mkate wa leo ulikuwemo, mzima, asali haijaguswa. Chini yake wa Jumamosi iliyopita, na chini kabisa wa ile nyingine, umeota ukungu.

"Ni migumu, mama. Tangu niolewe nashindwa kukuambia, maana naona bega linavyokuuma. Baba mtoto huenda kuitupa mbali mwisho wa mwezi, usije ukaiona pipani."

Kumbe na mwanangu yumo! Siku nyingine ningenuna mwaka mzima, na mjini pasingekalika. Siku ile nilimkumbatia yeye na mtoto wake pamoja.

"Hebu sema tena," nikamwambia.

"Niseme nini, mama?"

"Kwamba ni mgumu."

"Mgumu, mama." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Kama tofali."

"Tena," nikasema, na mtoto katikati yetu analia kwa nguvu zake zote.