Ngamia Hana Simu

Eeddo Kaltun, yaani Shangazi Kaltun, alikuja Garissa kutibiwa macho, lakini asubuhi hiyo alikuwa mbele ya meza ya Idil katika ofisi ya sajili ya mifugo. Ngamia wake alipotelea malishoni Banissa siku sita zilizopita. Mnyama aliyeokotwa akimaliza siku saba bila mwenyewe hupigwa mnada, kwa hiyo kama aliokotwa siku ileile, kesho angeuzwa.

Idil akaandika chapa ya ngamia, akatafuta. Mashine ikahangaika nusu dakika, ikakatiza bila jibu. Akarudia, ikakatiza tena.

Aliona haya, na alistahili. Hifadhidata hiyo aliijenga mwenyewe. Maelezo ya kila mnyama, aliyeokotwa pia, yalikaa katika kifurushi kimoja cha JSON, maandishi yasiyo na safu maalumu, maana kila mfugaji ana lake la kueleza: rangi, sikio, ukali. Bishar, mkuu wake, alitaka kila kipengele kiwe na faharasa, yaani orodha ya kuionyesha mashine pa kutazama bila kupekua rekodi zote. Idil akakataa, kwa kuwa faharasa nyingi huchelewesha uandikishaji na foleni za sokoni ni ndefu tayari. Akaweka moja tu: namba ya simu ya mwenyewe.

“Aliyeokota ngamia ataijulia wapi namba yangu?” Kaltun akauliza alipoelezwa.

Idil alikuwa binti wa wafugaji, aliyejua chapa za koo kabla ya kujua kusoma. Mji ulikuwa umemsahaulisha.

Akampigia Bishar. “Nasimamisha uandikishaji dakika ishirini. Naweka faharasa ya chapa.”

“Weka zote basi, tumalize maneno.”

“Chapa tu, na kuanzia leo iwe ya kawaida kwa kila sajili. Nyingine zitawekwa zikihitajika.”

Bishar akaguna, akakubali. Idil na Kaltun wakanywa chai ya maziwa wakisubiri. Idil alipotafuta tena, jibu lilikuja kabla hajaweka kikombe chini: ngamia jike, zizi la Takaba.

Kulow, mlinzi wa zizi, akapokea simu ya Idil. “Chapa hiyo ni ya ukoo mzima, eeddo. Nitajuaje ni wako?”

“Mama yake alikufa, nikamlea kwa mikono yangu. Mwekee simu sikioni.”

Kaltun akamwita kwa sauti ya chini, kama alivyomwita alipokuwa ndama. Kisha mlio mrefu wa ngamia ukajaa ofisini, na kikongwe akajifuta macho yake mabovu.

“Wallahi ni wako,” Kulow akasema, akihema. “Kidogo anikanyage. Anakutafuta nyuma yangu.”